Mwaka Tuliosali Chini ya Kenchi

Jumapili iliyopita Padri Onesmo alikuja kutusomea misa, mara yake ya kwanza huku tangu apewe upadre, na nilipompa mkono nje ya kanisa hakuniuliza habari za kazi wala za nyumbani. Aliangalia juu kwanza, kwenye paa, halafu akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Resti, yule mbuzi mlimpa jina?" Tukacheka mpaka akinamama wa kwaya wakageuka. Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu wenye mvi. Mimi nina miaka ishirini na tatu, sina hata unywele mmoja mweupe, lakini watu walioujua mwaka ule wameshaanza kutawanyika na sina subira ya kungoja nizeeke ndipo niseme. Nasema sasa. Habari za nilizaliwa na nani na tulikuwa wangapi naziruka. Anayezitaka aje tunywe chai nimweleze. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka wa korona, ambao parokia yetu huku juu ya Marangu ilikaa bila paa, na jinsi tulivyolitafuta hilo paa mpaka watu wakashangaa.

Kanisa lilivuliwa mabati mwezi wa pili. Yale ya zamani yalikuwa yametoboka kama chujio la pombe yetu ya mbege, masika ikianza kila mtu alijua benchi gani halikaliki. Baba Paroko alikuwa mtu wa haraka, ndiyo maana nilimpenda. Wazee wa baraza walimwambia asubiri pesa zifike zote ndipo aguse paa. Yeye akasema watu wameahidi mbele ya altare wakati wa Krismasi, Pasaka watakuwa wamelipa, kwa nini tungoje. Asiyejua kwetu aelewe kwamba Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, kutoka Dar, Mwanza, Mbeya, kila mahali wanakouza kitu, na parokia inaishi mwaka mzima kwa ile Desemba. Kingine inachoishi nacho ni mlima, kwa sababu nusu ya wanaume wa huku ni waongozaji na wapagazi, msimu wa watalii ukiwa mzuri kapu la sadaka linajaa. Basi mabati yakashuka, mengine yakaezeka banda la nguruwe la parokia, kenchi mpya zikapanda, nyeupe, zinanukia. Mwezi wa tatu korona ikaingia. Watalii wakakatika kama maji ya bomba, shule zikafungwa, wa Dar wakafunga maduka, na zile ahadi za Krismasi zikayeyuka bila mtu kuzikataa. Kila aliyepigiwa simu alisema, "Baba, hali unaiona."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kupangiwa chuo, na kusubiri ni kazi nisiyoiweza hata leo. Nikawa nashinda jikoni kwa mapadri kumsaidia mpishi kumenya ndizi, vidole vyangu vyeusi kwa utomvu kuanzia asubuhi. Lile jiko nalikumbuka kuliko darasa lolote nililosoma. Lilikuwa na meko mawili ya kuni, dirisha dogo linaloangalia sebule ya mapadri, na sufuria la mtori wa ndizi lisilokauka, kwa sababu Baba Paroko alikuwa amesema hakuna mtu atakayefika pale akaondoka na njaa, korona au hakuna korona. Kupitia dirisha lile ndipo nilisikia. Fundi mkuu alikuja mwezi wa nne, mvua inanyesha, akasimama mlangoni na kofia mkononi akasema, "Baba, masika hii kenchi zitavumilia, mbao ni mpya. Ila vuli zisilowe tena. Zikilowa tena hizo ni kuni." Alipoondoka wakaingia wazee watatu wa baraza, wakakaa mbalimbali kila mmoja na kona yake, na mmoja akasema bila hata kushusha sauti, "Tulikuonya. Vuli ikikuta hali ni hii, tutakwenda kwa Baba Askofu tuombe mwingine." Nikasikia kijiko cha Baba Paroko kinagonga bakuli, taratibu, halafu kikaacha. Nilikuwa na ndizi mkononi nikaimenya mpaka ikaisha.

Misa zenyewe zilikuwa za ajabu, na nikisema kweli, nilizipenda. Ndoo za kunawa mikono zilikuwa zimepangwa kwenye geti, watu wamevaa barakoa za vitenge, wanakaa nje kwenye mashina ya kahawa kwa sababu ndani ni tope, na ukiinua macho wakati wa mageuzo, padri anapoinua hostia, unaona kenchi zimesimama wazi, na siku isiyo na mawingu unauona mlima katikati yake. Lakini watu walikuwa wachache. Wazee waliambiwa wabaki nyumbani. Na baada ya misa ule mnada wetu ukafa. Mnada kwetu ndiyo sehemu ya misa isiyoandikwa kwenye kitabu. Asiye na pesa analeta mkungu wa ndizi, mayai, jogoo, debe la kahawa, vinauzwa pale pale nje kwa ajili ya kanisa, na sheria yake ni moja, kila aliyetaja bei analipa alichotaja, ashinde asishinde. Aliyeshinda anaondoka na kitu, aliyeshindwa anaondoka na aibu. Dalali wetu alikuwa Mzee Aloyce, miaka sabini na nane, sauti kama kengele, angeweza kuuza yai moja kwa bei ya kuku. Sasa alikuwa amefungiwa ndani na mke wake Bibi Theresia, kwa ajili ya kifua chake, na Jumapili mikungu ilikuwa inabaki kwenye ngazi za kanisa mpaka inaiva.

Nilimwambia Baba Paroko tuuze kwa simu. Tufungue grupu, tuwaingize wote waliotoka huku wakaenda mikoani, Jumapili saa nne tunapiga picha kitu, wanataja bei huko huko waliko. Akaniangalia kama nimemwambia tuuze altare. "Resti, mtu wa Mwanza ataufanyia nini mkungu ulio Marangu?" Nikasema atamwambia nani apelekewe. Mama yake, shangazi yake, mzee yeyote aliyefungiwa ndani. Frateri Onesmo, ambaye alikuwa kwetu kwa mwaka wake wa uchungaji, kijana mrefu wa Songea anayependa kupiga picha kila kitu, akasema, "Baba, wapagazi si wapo? Hawana mizigo ya kupandisha. Watapeleka." Na Prosper, mwongozaji aliyekuwa amekaa pale kibarazani anakunywa mtori wa bure siku ya tatu mfululizo, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi nimembebea Mzungu kiti cha choo mpaka juu kabisa. Mkungu nitashindwa?"

Jumapili ya kwanza niliuza vibaya sana. Nilitaja bei, watu wakaweka vidole gumba, basi. Nikaenda kwa Mzee Aloyce nimenuna. Alikuwa amekaa nyuma ya mlango wake wa nusu, koti begani, akanionyesha gogo la mbali.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Kaa hapo hapo, usije ukaniua. Unauzaje?"

"Nataja bei, wanaongeza."

"Ndiyo maana huuzi. Nani anataka ndizi? Hawa watu kwao ndizi wanalisha ng'ombe. Wewe usitaje bei, taja mtu. Sema, wa Dar kanyamaza, wa Mwanza kamzidi. Halafu nyamaza na wewe. Uchagga utafanya kazi wenyewe."

Ulifanya. Jumapili iliyofuata niliweka sauti yangu kwenye grupu, nikasema mkungu huu wa ndizi mshare umetoka kwa mama fulani, na nasikia watu wa Mbeya siku hizi hawana kitu. Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza mpaka ikaanguka. Walitaniana, walitukanana majina ya utotoni, wakazidiana mpaka kidole changu kikachoka kusogeza. Mama mmoja alitoa jogoo, kijana wake wa Mbeya akamnunua, akasema, "Mpelekeeni mama yangu," Prosper akamrudisha jogoo kule kule alikotoka asubuhi ile, na Jumapili iliyofuata mama akamleta tena. Yule jogoo tulimuuza msimu mzima. Prosper na wapagazi wake walikuwa wanashuka na kupanda vijiji vyote, wanaacha vitu kwenye mageti ya wazee, wanapiga hodi kwa mbali, wanarudi na habari nani anaumwa na nani anataka kuni. Sijawahi kuona watu wasio na kazi wenye shughuli nyingi vile. Baba Paroko alianza kucheka tena jikoni. Kufikia mwezi wa nane tulikuwa na pesa za misumari, za mafundi na za mabati kiasi, ila si ya kutosha hata upande mmoja, na anga lilikuwa linaelekea kwenye vuli.

Ndipo akaja yule mbuzi. Jirani yetu mmoja Mlutheri alileta beberu mweupe, akasema paa ni paa, mvua haiulizi dhehebu. Nikamuuza kama nilivyofundishwa, na vita vikawa kati ya mtu wa Mwanza na Kornel. Huyu Kornel alikuwa anauza vipuri vya magari Dar, na alikuwa mdogo wake Mzee Aloyce, tumbo moja. Hawakuwa wamesemeshana tangu mimi niko shule ya msingi. Walikuwa wamegombea mpaka wa kihamba, shamba la ukoo wao, ule ua wa mimea ya masale unaotenganisha nyumba zao, nani aliusogeza usiku, na kila mmoja alisema mwenzake. Desemba Kornel alikuwa anapita mbele ya geti la kaka yake amepandisha vioo. Siku ile alimshinda wa Mwanza, akatuma sauti ndefu, na mwishoni akasema, "Mbuzi mpelekeni nyumbani kwangu. Na nikija, upande mzima wa kushoto wa paa ni wangu." Upande mzima. Nilipiga kelele jikoni, mpishi akamwaga maziwa.

Mimi nilitumwa mjini Moshi siku hiyo hiyo kuulizia bei ya mabati, kwa hiyo mbuzi akapelekwa na Frateri peke yake. Alipofika kwenye mageti mawili yaliyokaribiana hakujua lipi ni lipi. Alichokijua ni picha. Akaona mbuzi amechafuka, hapendezi kuonwa na watu wa mikoani, akachukua panga, akakata jani refu zuri la kijani kwenye ua, akalifunga fundo shingoni mwa mbuzi. Kisha akaingia geti la Mzee Aloyce. Sasa, mtu wa Songea hana kosa. Lile jani ni isale. Kwetu isale likifungwa fundo likapelekwa kwa mtu, maana yake ninakuomba msamaha, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa hata kama ulimuua mwanawe. Likija na mbuzi ndiyo limekamilika kabisa. Na Frateri alikuwa amelikata kwenye ua ule ule wanaogombania.

Nikiwa Njoro, pale Moshi, kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa ananihesabia mabati na kunitania kwamba Wakatoliki wa mlimani wanasali kwenye jua kama nyanya, simu ikaanza kuwaka. Picha ilikuwa kwenye grupu. Mzee Aloyce amesimama wima, amevaa koti lake la harusini, ameshika mbuzi mwenye isale shingoni, na Frateri ameandika chini, "Mbuzi wa Ndugu Kornel amepokelewa na kaka yake kwa furaha kubwa." Pongezi zilikuwa zimejaa. Watu wanalia, watu wanamsifu Mungu, wa Mwanza kasema Kornel umetushinda mara mbili. Kabla hata sijamaliza kusoma, Kornel akapiga.

"Shikamoo baba."

"Usinishikamoo. Nani amekutuma uniombee msamaha?"

"Baba, ni Frateri, hakujua..."

"Mpaka mwalimu wangu wa darasa la tatu ameniandikia hongera mwanangu. Hongera ya nini? Nendeni mkamchukue mbuzi wangu."

"Isale likishapokelewa, baba..."

"Unanifundisha isale? Unadhani nimezaliwa Kariakoo?" Akapumua. "Mimi nimetoka kwenye hilo grupu lenu. Na mabati msahau."

Nilirudi nimekaa mbele kwenye gari la mchanga, sioni barabara. Jikoni nilimkuta Frateri ameinamisha kichwa kwenye meza na Baba Paroko amesimama. Alikuwa ameshasikia. Mimi nilikuwa na mipango kumi, tumpigie wa Mwanza, tumwambie Kornel hiki, tumfiche Mzee kile. Baba Paroko akanikatiza. "Resti, kule kuna mzee anafurahia kitu ambacho hakikutokea. Kwanza tumwambie." Nikasema tukimwambia na yeye atakasirika, tutakosa wote wawili na paa. Akasema, "Basi tutakosa," akachukua kofia yake. Mimi na Frateri tukamfuata. Njia nzima nilikuwa na hasira na Baba Paroko, kwa sababu alikuwa na haki na mvua haijali mwenye haki ni nani.

Kwa Mzee Aloyce mbuzi alikuwa amefungwa kwenye shina la kahawa, anatafuna. Isale lilikuwa limechomekwa juu ya mlango. Bibi Theresia alituwekea mtori kwenye vibakuli akavisukuma kwa mwiko mrefu mpaka mwisho wa benchi, tukakaa kila mtu na umbali wake, na Baba Paroko akasema yote bila kuzunguka. Kwamba Kornel hakutuma isale. Kwamba ni makosa ya parokia. Kwamba Kornel amekasirika. Mzee Aloyce alisikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua alimwangalia Frateri.

"Lile panga lilikuwa butu."

"Lilikuwa butu, Mzee."

"Nilikuwa dirishani. Nikakuona unakata ua wangu, halafu unaingia geti langu. Nikasema huyu kijana anaumwa nini. Nilipoona unalifunga kwa mbuzi nikaelewa, nikamwambia mama, nipe koti."

Baba Paroko akaweka bakuli chini. "Ulijua, na bado ukapokea?"

"Baba, Kornel nilimlea mimi. Haombi, namjua. Na mimi siombi, ananijua. Watu wanazikwa siku hizi hata ndugu hawasogei kaburini. Sasa mbuzi kaja mwenyewe mpaka mlangoni, na isale lake. Nimrudishe niseme amekosea nyumba?" Akakohoa, Bibi Theresia akamfunika koti, Mzee akalitupa. "Resti, lete hiyo simu. Mwingize huyo mjinga tena kwenye grupu. Halafu nionyeshe pa kusemea."

Nikamwingiza, nikanawa, nikaisafisha simu, nikaiweka juu ya kigoda katikati yetu, nikabonyeza. Na Mzee Aloyce, ambaye hakuwa amepiga mnada tangu mwezi wa tatu, akasimama. Alisema mbuzi wa Kornel anachinjwa kesho. Alisema kwetu kila kipande cha mbuzi kina mwenyewe, na hapa kuna fungu la mdogo, ambalo mdogo mwenyewe yuko Dar, hajulikani kama analitaka. Kwa hiyo analiuza kwa ajili ya paa la kanisa. "Nasikia wa Mwanza ana njaa," akasema. Akanyamaza.

Bei ilianza Mwanza, ikaja Mbeya, ikaja Arusha, watu waliokuwa hawajawahi kutaja hata yai wakataja mabati, mawili, matano, kumi, bando moja, wote wakijua kwamba kila anayetaja analipa, na wote wakijua wanamchokoza nani. Kula fungu la Kornel la mbuzi wa Kornel mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, ni kumwaibisha. Mwalimu wa darasa la tatu, mama mstaafu, akataja mabati matatu. Mzee alikuwa anawapokea mmoja mmoja kwa jina la baba yake, na baada ya kila mmoja anasema tu, "Wa Dar kanyamaza." Baba Paroko alikuwa amejishika kichwa. Frateri alikuwa anaandika majina kwenye kiganja. Jina la Kornel lilikuwa linaonekana pale juu, lipo, linasikiliza, halitoki. Mzee aliposema mara ya kwanza na ya pili, na kuvuta pumzi ya tatu, sauti ikaingia. Ilikuwa fupi. "Upande wa kushoto wote niliousema. Na mtu asiguse fungu langu. Likausheni juu ya meko, nakuja." Kisha, kwa Kichagga, kwa sauti nyingine kabisa, akamsalimia kaka yake. Mzee Aloyce aliinama karibu na simu akaitika salamu, kwa adabu, kama mtu yuko mlangoni.

Mabati ya pande zote mbili yalikuja mwezi wa kumi kwa lori, na lori likakwama mtoni kwa sababu kulikuwa kumeanza manyunyu. Dereva akasema anashusha pale pale. Prosper akapiga mluzi. Walitoka kwenye migomba wapagazi ambao sijui hata walikuwa wamejificha wapi, wakajipanga wawili wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, bati mabegani, na wakaanza kupanda wakiimba zile nyimbo wanazowaimbia watalii, ila safari hii wakaweka jina la Baba Paroko ndani. Ule mstari ulikuwa mrefu, unameta, unapinda na njia. Kornel alikuwemo. Alikuja na gari lake, akaliacha mtoni, akashika nyuma ya bati moja na viatu vyake vya mjini, akateleza kila hatua mbili, na alipopita kwenye geti la kaka yake, Mzee akamwambia kutoka kibarazani, "Inua juu, unaburuza bati la kanisa kama mkia." Kornel akasema, "Njoo ushike wewe." Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Mafundi walipanda siku hiyo hiyo, na wapagazi wakapanda nao, wakakaa kwenye kenchi kama ndege, wanapokezana nyundo. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kengele. Fundi mkuu anawafokea waharakishe, sisi chini tunawarushia misumari. Bati la mwisho lilikuwa halijapigwa upande mmoja mvua ikaja, si manyunyu tena, vuli yenyewe, na watu wote, wenye barakoa na wasio nazo, tukakimbilia ndani tukajibanza kwenye kuta huku tukikumbuka kuachiana nafasi. Katikati palibaki wazi. Baba Paroko akaenda akasimama pale, chini kabisa ya palipokuwa panavuja kuliko pote. Akanyoosha mkono, akafungua kiganja, akangoja. Wale wazee watatu wa baraza walikuwa wanamwangalia. Mvua ilikuwa kubwa, hakuna aliyeweza kusema kitu akasikika, kwa hiyo tukasimama tu tunaangalia kile kiganja. Kilikaa pale muda mrefu, na kilibaki kikavu.